Redio Isiyongoja Kuitikiwa

Jumatatu, 4 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na koo lako pia halijambo. Nakuandikia barua pepe kwa sababu simu hupokei ukiwa hewani, na wewe uko hewani kutwa.

Kompyuta nimeikabidhi leo kwa watu wa basi. Ikifika, mwombe Mwenye Duka akusaidie kuibeba. Usiibebe peke yako halafu useme mgongo umevunjwa na teknolojia. Ndani nimeshaweka ile programu ninayowafungia wateja wetu hapa kazini. Kazi yake ni kuendesha redio bila mtu kuikalia. Unaweka nyimbo, matangazo na vipindi ulivyorekodi, unaipa ratiba, na yenyewe inacheza kimoja baada ya kingine kwa saa uliyopanga.

Nimekutengenezea folda tayari. Moja ni ya nyimbo za kuchangamsha, nyingine ya nyimbo za taratibu, na nyingine ya maneno yako mwenyewe. Tafadhali usizichanganye. Halafu ina mlinzi: kukiwa kimya hewani kwa muda, inadhani mtangazaji amezimia, basi inajipigia wimbo. Ikifanya hivyo usishtuke.

Mjomba, mji mzima unakuita Mjomba, lakini mwenye mjomba wa damu ni mimi, na kile kikohozi chako nakisikia hata katikati ya taarifa ya habari. Miaka chungu nzima hujapumzika hata siku moja. Nataka uamke asubuhi unywe chai kwenye kiti cha kawaida, huku redio yako inaunguruma bila wewe. Sina nia nyingine.

Mpwa wako,
Kasuku


Jumamosi, 9 Agosti

Kasuku wangu,

Marahaba. Mgeni wako amefika salama. Tumemweka kwenye ile meza ya kaseti za zamani, hapa hapa nyuma ya duka la saruji na misumari, chini ya trei za mayai nilizobandika ukutani kuzuia mwangwi enzi zile unanishikia gundi na kurudia kila tangazo ninalosoma. Mwenye Duka amekuja kumtazama mara nyingi kuliko alivyokuja kunitazama nilipolazwa. Ananiuliza kama anakula umeme mwingi.

Kuhusu zile folda, nilizichanganya. Haikuwa ubishi. Nilijiambia wimbo ni wimbo. Jana nikasoma tangazo la msiba wa mama mkwe wa fundi cherehani. Nilisoma vizuri sana, kwa sauti ya chini, nikamwagiza Mgeni apige wimbo wa kuwafariji wafiwa. Akapiga ule wa kutikisa mabega. Niliruka kuuzima, nikagonga goti kwenye meza, na neno nililotamka likaenda hewani lote.

Mchana fundi cherehani akaja. Nikajua leo napigwa. Akanishika mkono, akasema marehemu alikuwa mchezaji hodari ujanani, na pale nyumbani watu walicheka wakalia, wakalia wakacheka. Akaomba urudiwe siku ya mazishi.

Basi nyimbo nimeshazitenga. Nimerekodi ufunguzi wa kituo wa wiki nzima, na kuanzia Jumatatu Mgeni ndiye atakayefungua asubuhi. Kila kitu kinakwenda barabara. Usiwe na wasiwasi, na usinifundishe kazi.

Mjomba wako


Jumapili, 10 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua hii isome ukiwa peke yako, na nakuomba usiisome kwa sauti.

Tumeshapata ukumbi. Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Nguo, chakula, wageni, hayo yote yatapatikana. Mimi nataka kitu kimoja tu: Mjomba anishike mkono aniingize ukumbini. Tangu Baba afariki, yeye ndiye aliyenipeleka shule, akanigombeza, akanibembeleza. Sitaki mtu mwingine.

Lakini unamjua ndugu yako. Nilipohitimu chuo, mtambo uliharibika, hakuja. Nilipovishwa pete, akauliza nani atafungua kituo, hakuja. Nikamwambia haidhuru, Mjomba. Mama, iliniuma. Nilitabasamu kwenye picha zote, kisha nikajifungia chooni nikalia.

Ndiyo maana nimempelekea ile kompyuta. Anajua nina mchumba, ila tarehe haijui. Nikimwambia sasa hivi atatoa udhuru kabla sijamaliza sentensi. Kwa hiyo kwanza mashine izoee, naye aizoee, ndipo nimwambie akiwa hana tena pa kujificha.

Wewe uko huko na redio yako haizimwi. Niambie ukweli, inasikikaje? Yeye ananiambia barabara tu.

Binti yako


Jumatano, 20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa jikoni kwa sababu mjomba wako yuko sebuleni anakula, na masikio yake ni ya mtu wa redio.

Barabara gani? Mji umenuna. Wewe umeondoka siku nyingi, labda umesahau. Mjomba wako akifungua kituo husema, "Hamjambo huko majumbani?" Halafu anangoja. Na sisi tunajibu. Mimi na mwiko wangu mkononi nasema hatujambo, kaka. Fundi cherehani anajibu akiwa na sindano mdomoni. Kituo cha polisi wanajibu, nimewasikia kwa masikio yangu. Ndipo anasema, "Nashukuru kusikia hivyo," na siku inaanza.

Sasa hiyo mashine yako inasema, "Hamjambo huko majumbani nashukuru kusikia hivyo," moja kwa moja, bila kuvuta pumzi! Nashukuru kusikia nini, na hatujafungua mdomo? Siku ya kwanza tulidhani anawahi choo. Siku ya pili watu wakaanza kusema Mjomba ameingiwa na kiburi. Muuza mboga akaja mpaka hapa kuniuliza kwa upole kama mji umemkosea nini.

Basi juzi amemnyang'anya Mgeni ufunguzi, anafungua mwenyewe alfajiri kama zamani. Hata vipindi vinavyochezwa na mashine, anakaa mbele yake kama kuku anayeatamia. Chai nampelekea huko huko. Sasa hapo amepumzika nini?

Ila usivunjike moyo, nina habari njema. Furaha imenishinda mwanangu, kifua kilikuwa kinataka kupasuka. Nimeandika kadi ya salamu kwa ajili ya kipindi cha kesho mchana, nikataja harusi, tarehe na ukumbi, nikaitumbukiza kwenye kisanduku cha pale mlangoni pa studio. Usihofu. Mchana si ni zamu ya mashine? Itaisoma yenyewe, mji utafurahi, na mjomba wako hatajua lolote.

Mama yako


Jumatano, 20 Agosti, jioni

Mama!

Mashine haijui kusoma! Inacheza tu kile ambacho mtu amerekodi. Kadi zote anazisoma Mjomba kwa mdomo wake! Nenda ukaitoe hiyo kadi sasa hivi. Na simu yako kwa nini imezimwa?

Kasuku


Alhamisi, 21 Agosti

Kasuku,

Leo kwenye kipindi cha salamu nimefungua kadi yenye mwandiko wa dada yangu. Nikafurahi, maana huwa haniandikii. Nikaisoma kama ninavyozisoma zote, mdomo mbele, akili inafuata nyuma. Nikasema kwa sauti yangu nzuri kabisa: "Salamu hizi zinatoka kwa mama mwenye furaha. Anamsalimu binti yake Kasuku, anayeolewa Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Anawaomba wasikilizaji wote wamwombee heri, ila mjomba wake asiambiwe kwanza."

Hapo mdomo ukagoma.

Nimefanya kazi hii mpaka mvi zimenitoka, na sijawahi kunyamaza hewani namna ile. Nikaitazama kadi, nayo ikanitazama. Mgeni wako akaona kimya kimezidi, akanirukia na wimbo wa kutikisa mabega, ule mrefu. Mji mzima ukadhani nimepanga! Mwenye Duka akaingia anacheza na ndoo ya rangi kichwani. Madereva wakapiga honi. Muuza mboga akapiga vigelegele dirishani. Nami niko pale kwenye kiti, nacheka huku machozi yananitoka, siwezi kusema hata jina la kituo.

Wimbo ulipokwisha nikawashukuru wasikilizaji, nikaendelea na kadi ya pili. Kazi ni kazi. Lakini sasa niulize: kwa nini mji mzima ujue, na wa kutojua niwe mimi?

Najibu mwenyewe. Ni kwa sababu ya mahafali na ya ile pete. Najua.

Nami nikuambie langu. Ni kweli nimemnyang'anya Mgeni ufunguzi, na nilikuficha. Anakata pale pa kungoja. Utasema ni jambo dogo. Zamani, nilipoanza, nilikuwa nikisalimu na kupitiliza, nasalimia ukuta wenye trei za mayai. Siku moja nikakutana na mama mmoja aliyekuwa ameugua muda mrefu, halali wala haamki vizuri. Akaniambia, "Mjomba, kwangu hakuna anayenisalimu ila wewe. Lakini unakwenda mbio, hunipi nafasi ya kukujibu." Tangu siku hiyo nangoja. Sihesabu. Nangoja mpaka nihisi mtu wa mwisho amejibu, ndipo naendelea.

Jambo la pili ni zito zaidi, na sijamwambia mtu. Nimekuwa nikisema siwezi kutoka hapa kwa sababu bila mimi kituo hakiendi. Ndivyo nilivyosema kwenye mahafali yako. Sasa umeniletea mashine, na mashine inaweza. Je, nikiondoka na redio ikaendelea tu, asiwepo hata mmoja wa kuona kwamba kiti changu kiko wazi? Hilo naliogopa kuliko mtambo kuungua.

Kuja sijui. Sitaki kukudanganya tena.

Mjomba wako


Ijumaa, 22 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa kazini, nikacheka mpaka bosi akaja kuuliza, halafu nikafika mwisho na nikaanza kuisoma upya.

Kukata kule ni kosa langu. Kuna mahali kwenye programu ambapo ukiweka alama inaondoa kila palipo kimya ndani ya rekodi. Huku kwetu kimya ni hitilafu. Naweka alama hiyo kwa kila mteja kwa mazoea, bila kufikiri, na kwako nikaweka vilevile. Nimeketi kwenye redio yako tangu utoto wangu, nimeitikia hiyo salamu nikiwa na uji mdomoni, na bado nikasahau! Leo asubuhi nimeingia kwenye kompyuta yako kutoka huku nikaiondoa. Rekodi upya, na ungoje kadiri unavyotaka. Mlinzi naye nimemwongezea subira, hatakurukia tena.

Sasa harusi. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utakataa. Ulipokataa mara mbili nilisema haidhuru. Safari hii ningeshindwa kusema hivyo, na sikutaka tugombane.

Unauliza kama redio itaendelea bila wewe. Mjomba, siwezi kukuapia kwamba haitaendelea, maana nimeitengeneza mwenyewe iendelee. Ila najua mimi nitakavyokuwa. Nitavaa, nitapambwa, nitaingia ukumbini, na usiku kucha nitakuwa naangalia mlango. Mume wangu atadhani namsubiri mwanamume mwingine, na atakuwa amepatia.

Nakuomba uje. Uniingize wewe.

Kasuku wako


Jumapili, 14 Septemba

Kasuku,

Nimerekodi asubuhi zote nitakazokosa. Ya kwanza nilisema, "Leo jua limetoka vizuri," na Mwenye Duka, aliyekuwa amekaa kwenye mfuko wa saruji ananisikiliza, akauliza nimelionea wapi jua la wiki ijayo. Nikaifuta. Ya pili nikamwambia mtu wa soko asisahau mkutano wa leo, na rekodi itakapotoka mkutano utakuwa umeshapita. Nikaifuta. Nimegundua kwamba ukitoa hali ya hewa na umbea, sina la kusema zaidi ya kuwasalimu watu. Basi nimewasalimu kwa kirefu.

Jana nimejaribu kukaa nyumbani asubuhi nzima, Mgeni peke yake studio. Kile kiti cha kawaida ulichonisifia kinauma. Nilisikiliza nikiwa nimesimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Sauti yangu ikatoka, ikasalimu, ikangoja. Dada yangu akaniambia, "Jibu basi, unasalimiwa." Nikajijibu. Tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Suti ipo. Imenibana tumboni, na fundi cherehani ameifungua mishono akaniambia nisile sana barabarani. Wasikilizaji nimewatangazia kwamba nakwenda kwenye harusi yako na kwamba hizo asubuhi ni za kurekodi, kwa sababu sipendi kuwadanganya watu.

Tiketi nimekata, mimi na mama yako. Mkononi nitakuwa na redio ndogo. Mtambo ukizima njiani tukiwa bado tunakikamata kituo, sijui kama miguu yangu haitashuka kwenye basi. Niombee isishuke.

Mjomba wako


Jumamosi, 27 Septemba

Kwako rafiki yangu,

Najua uko kwenye harusi, soma ukipata nafasi. Uliniachia ufunguo ukaniambia nikuandikie ukweli bila kupamba, na mimi ni muuza misumari, kupamba sijui.

Redio haijazima hata kidogo. Vipindi vimetoka. Tangazo langu la saruji limetoka kwa wakati wake, jambo ambalo wewe hujawahi kunifanyia tangu tufahamiane. Hivyo ujue, kazi inakwenda.

Sasa lile uliloniuliza, kama kuna atakayeona kwamba hupo. Jana asubuhi nilikuwa nafungua duka. Redio ikasema, "Hamjambo huko majumbani?" Mimi nikajiambia sijibu. Nimjibu nani, wakati kiti kiko wazi na nimekipitia sasa hivi nikakiona? Nikaendelea na makufuli yangu. Nikasikia ng'ambo ya barabara fundi cherehani anasema hatujambo. Muuza mboga naye akajibu. Kijiweni madereva wakajibu kwa pamoja, tena kwa sauti kubwa kuliko siku zote, kama vile wanataka uisikie huko uliko.

Nikamuuliza muuza mboga, mama, mbona mnamjibu na alitutangazia mwenyewe kwamba hayupo? Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyevaa shati ndani nje. Akasema, "Hayupo, ndiyo. Lakini katungoja."

Basi leo na mimi nimejibu. Watu wanauliza habari za bibi harusi, na mimi sina cha kuwaambia, kwa hiyo urudi na habari kamili. Lakini usiharakishe.

Jirani yako,
Mwenye Duka


Ijumaa, 3 Oktoba

Kasuku wangu,

Nimerudi salama, mimi na mama yako, na sanduku lenye nguo chache na vyakula vingi. Ile barua ya Mwenye Duka nilikuonyesha pale kwenye simu, ukumbini, na wewe ukaharibu vipodozi. Tangu nirudi nimeisoma kila asubuhi. Sasa naikariri.

Mumeo nimempenda. Anacheza vibaya sana, lakini anacheza kwa moyo, na alinishika mkono kwa heshima nilipomkabidhi wa kwako. Nilimwambia maneno uliyotaka kuyasikia ukashindwa. Yabaki kati yetu wanaume. Dada yangu anaeneza mjini kwamba nililia kuanzia mlangoni mpaka mbele. Ilikuwa suti, ilibana. Na kuhusu kumnyang'anya mshereheshaji maikrofoni, hakuwa anajua kuishika. Unaweza kumwita ashuhudie.

Hapa nimerudi kwenye kiti changu, ila siku ya mapumziko nimempa Mgeni aendeshe, na mimi natembea mjini. Sikujua kwamba mtaa wa nyuma umewekewa lami. Watu wananisimamisha, wanataka kujua ulivaa nini, nami natangaza upya kila baada ya hatua chache, bila mtambo.

Lakini nimekaa nikafikiri, na nina neno la kukuambia kama mjomba wako. Ulikaa wiki ngapi ukitengeneza folda, ratiba na mlinzi, ukasafirisha kompyuta kwa basi, ukamfundisha mama yako kutunza siri, kazi ambayo haiwezi, yote hayo ili mtu mmoja apande basi aje kwako. Nimeona aibu, Kasuku. Mtoto niliyemlea amenizunguka kote huko kwa sababu mlango wa mbele niliufunga mwenyewe.

Nimeufungua. Ukihama nyumba, ukiugua, ukijifungua, hata ukipika tu na chakula kikabaki, usinitumie mashine. Niandikie "Mjomba, njoo." Halafu nenda ukatandike kitanda cha wageni.

Mjomba wako